Akili Mnemba na Safari Zetu: Iache Ipange, Tiketi Kata Mwenyewe

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo simu na spika ninazozichambua kwa kawaida nimeziweka pembeni. Tunachambua kitu ambacho wengi wenu mnacho tayari mkononi: programu za akili mnemba, yaani ChatGPT, Gemini na wenzao, kwa kazi moja tu ya kupanga safari na kukata tiketi. Hakuna kampuni iliyonilipa kusema haya.

Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye bando dogo asisubiri mpaka mwisho. Kwa kupanga safari, zinafaa, tena zinafaa sana. Kwa bei na ratiba za huku kwetu, zihakiki kila neno. Kwa kukata tiketi zenyewe, bado. Mwenye bando la kutosha abaki nami nimweleze sababu, na namna ya kuzitumia zikusaidie.

Tuanze na swali jepesi ambalo mtu yeyote wa Dar angeuliza. Niliandika hivi: "Nataka kwenda Mbeya kwa basi, nifanyeje?" Nikajibiwa kwa Kiswahili safi kabisa kwamba niende stendi ya Ubungo alfajiri, niwahi, kwa sababu mabasi ya mikoani hayaruhusiwi kusafiri usiku. Ukisoma haraka unaona jibu limekamilika. Lakini mabasi ya mikoani yalihamia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, Februari 2021. Na lile katazo la kusafiri usiku, lililokuwepo tangu miaka ya 1990, Serikali ililiondoa, na kuanzia Oktoba 1, 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea saa 24. Mgeni wa jiji akilifuata jibu lile, anafika Ubungo na mabegi alfajiri, halafu anaanza kutafuta usafiri wa kumpeleka Mbezi.

Sitawaambia ni programu ipi iliyosema hivyo, kwa sababu zinabadilika kila mara na kesho nyingine inaweza kukosea vilevile. Muhimu ni kujua kosa linatoka wapi. Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi yaliyokusanywa mpaka tarehe fulani. Watu wameandika kuhusu Ubungo kwa miaka mingi, kwenye vitabu vya watalii na kurasa za intaneti. Mbezi Luis imeandikwa kidogo. Programu inaelemea upande wenye maandishi mengi, na inaongea kwa uhakika uleule iwe imepatia au imekosea.

Dawa yake ipo. Usiulize hivi hivi tu. Iambie: "Tafuta mtandaoni sasa hivi, nionyeshe ukurasa uliousoma, na uniambie uliandikwa lini." Nilipofanya hivyo, stendi ya Mbezi ikatokea na habari ya mabasi ya usiku ikarekebishwa. Ila muda wa safari haukupona. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na hesabu niliyopewa ilikuwa ya mtu anayeendesha mwendo mmoja bila kusimama, kana kwamba hakuna foleni ya Kimara, hakuna mizani, hakuna vibao vya 50 kila kijiji, hakuna malori yanayopanda mlima Kitonga. Kwa muda wa barabarani, muulize dereva au kondakta wa njia hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Programu hizi zinadhani wewe ni mtalii kutoka Ulaya.

Iulize gharama ya kwenda Zanzibar wikiendi na familia. Unaletewa nauli ya boti kwa dola, hoteli ya ufukweni Nungwi, na juu yake bima ya dola 44 kwa mtu mzima. Bima hiyo ni ya kweli: ni ya Shirika la Bima la Zanzibar, na imekuwa lazima tangu Oktoba 1, 2024. Lakini ni kwa wageni wanaotoka nje ya nchi. Wewe Mtanzania unayepanda boti pale bandarini Dar haikuhusu, na nauli yako ya boti ni ya shilingi, ya mkazi. Iulize kuhusu Serengeti, unapewa kiingilio cha dola 60 mpaka 70 kwa mtu kwa siku, kabla ya kodi. Hicho ni kiingilio cha mgeni. Raia wa Afrika Mashariki mtu mzima analipa kwa shilingi, elfu kumi hivi kwa siku kabla ya kodi. Angalieni tofauti hiyo! Baba ana watoto watatu, amejikusanya mwaka mzima awaonyeshe tembo wa nchi yao, anauliza simu yake, anapewa jumla ya mamilioni, anafunga simu na safari inaishia hapo. Jibu linamnyima mtu haki yake bila yeye kujua kwamba kuna bei nyingine.

Kwa hiyo kabla ya swali lolote, jitambulishe. Haya ndiyo maneno ninayoyatumia, simamisha video uyanakili: "Mimi ni Mtanzania, naishi Dar es Salaam. Tunasafiri watu wazima wawili na watoto wawili, mmoja ana miaka 6, mwingine 11. Bajeti yetu yote ni shilingi kadhaa. Tunatumia usafiri wa umma na tunalipa kwa simu. Nipe bei za raia kwa shilingi. Kama bei ya raia huijui, sema huijui, usinibadilishie kutoka dola." Sentensi ya mwisho usiiruke. Bila hiyo, programu inachukua bei ya mgeni, inaizidisha kwa kiwango cha kubadilishia fedha, na unaona tarakimu za shilingi ukadhani ni bei yako. Mtazamaji wa Kenya, fanya vivyo hivyo: sema wewe ni Mkenya na utaje kitambulisho.

Kuna na suala la saa. Ukiandika "nataka kufika saa tatu usiku", hakikisha imeelewa ni 21:00, isije ikakuwekea 03:00. Mimi siku hizi namalizia kwa kusema: "Andika muda wote kwa mfumo wa saa 24." Tiketi za treni na ndege zimeandikwa hivyo, kwa hiyo unalinganisha bila kubabaika.

Haya, sasa sifa zake, kwa sababu zipo na ni kubwa.

Pale safari inapokuwa na vipande vingi vinavyotegemeana, hapo ndipo programu hizi zinapong'ara. Chukua safari ya matibabu kwenda India. Familia nyingi za Tanzania na Kenya zimeipitia: mgonjwa, msindikizaji, hospitali Chennai au Hyderabad, na muda mfupi wa kujiandaa. Watu wanachanganyikiwa pale mwanzoni. Nilieleza hali ya mgonjwa mzee, mwenye shinikizo la damu na anayetembea kwa shida, nikaomba nipangiwe mambo kwa mfuatano, kipi kitangulie kipi. Nilichopata kilikuwa kizuri kuliko ushauri mwingi wa vijiweni. Barua ya mwaliko ya hospitali kwanza, kwa sababu viza ya matibabu inaitegemea. Pasipoti iangaliwe kama imebakiza angalau miezi sita. Msindikizaji ana viza yake maalumu, na wanaruhusiwa mpaka wawili. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kiti cha magurudumu kiombwe shirika la ndege mapema, si siku ya safari pale kaunta. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Halafu ikaniuliza swali ambalo sikulifikiria: je, mgonjwa ataweza kukaa uwanjani saa sita au saba akisubiri kuunganisha ndege, au ni bora kuongeza nauli apate safari isiyo na kituo kirefu? Swali hilo peke yake linafaa familia ikae chini ilijadili.

Baada ya hapo iliandika barua ya Kiingereza kwenda hospitali, fupi na ya heshima, na ikanitafsiria fomu iliyokuwa na lugha ngumu. Kazi hizo mbili tu zinaokoa pesa ya mtu. Ila masharti ya viza niliyahakiki kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, na wewe fanya hivyo, kwa sababu masharti ya viza hubadilika na programu inaweza kuwa imesoma ya mwaka juzi.

Kwa safari za ndani pia inasaidia kuunganisha. Ukisema unakwenda Singida na mama mzee, inaweza kukupendekezea treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, mpaka Dodoma, ambayo ilianza kubeba abiria mpaka pale Julai 2024 na hutumia takriban saa nne, halafu kipande kinachobaki mkamalizie kwa basi. Mama hakai kwenye basi mchana wote. Wazo zuri. Lakini saa ya treni kuondoka usiichukue kwake, ichukue TRC, Shirika la Reli Tanzania.

Tunafika kwenye kukata tiketi, na hapa sitazungusha maneno. Siku hizi kuna programu zinazofungua kurasa zenyewe, zinabonyeza, zinajaza fomu. Tangu Oktoba 2025 unaweza kuziita Booking.com na Expedia, tovuti za kukatia hoteli na safari, ukiwa ndani ya ChatGPT. Kwa mtu wa London mwenye kadi ya benki, anayetafuta hoteli Madrid, mfumo huo una maana. Ukifika kwenye neno la siri au malipo, wakala huyo wa kidijitali anasimama na kukurudishia kazi umalizie.

Huku kwetu kumalizia huko ndiyo kazi yenyewe. Tiketi ya SGR inahitaji namba ya kitambulisho cha abiria, na malipo ni namba ya kumbukumbu, kisha namba yako ya siri kwenye simu. Wakala hana simu yako, na namba ya siri usimpe kamwe. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ya mama yako nayo, mimi siiweki kwenye mazungumzo na programu yoyote ya aina hii. Kenya ndiyo kabisa: tiketi ya Madaraka Express, treni yao ya SGR, unaipata kwa kupiga *639# na kulipa M-Pesa, umemaliza. Sioni wakala angekupunguzia nini hapo. Na ukiambiwa nauli ya kawaida Nairobi mpaka Mombasa ni shilingi 1,000 za Kenya, jua unasomewa ukurasa wa zamani. Tangu Januari 1, 2024 ni 1,500, na daraja la kwanza lilipanda kutoka 3,000 hadi 4,500. Kumbuka pia kuiuliza programu utafikaje kituo cha Syokimau, Nairobi, na ukishuka kituo cha Miritini, Mombasa, utaingiaje mjini. Vituo hivyo viko mbali na katikati ya jiji, na mipango mingi niliyopewa ilisahau kabisa muda na nauli ya kipande hicho.

Onyo moja kubwa la pesa. Programu ikikupa kiungo au namba ya simu ya kampuni, usilipie hapo. Kuna tovuti bandia za tiketi, na programu inaweza kuziokota kama inavyookota za kweli. Andika mwenyewe anwani ya kampuni, au piga namba iliyoandikwa kwenye tiketi yako ya zamani. Jina la mpokeaji likitokea kwenye simu ni la mtu binafsi, acha.

Na ikikudanganya, nani atakulipa? Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Canada, liliamua kesi ya abiria wa Air Canada aliyeambiwa na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya shirika hilo kwamba punguzo la nauli kwa mtu anayesafiri kwa ajili ya msiba anaweza kuliomba baada ya kusafiri. Haikuwa kweli. Shirika likajitetea kwamba roboti inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Baraza likakataa, shirika likaamriwa kumlipa dola za Canada zaidi ya 800. Lakini angalieni: ile ilikuwa roboti ya shirika lenyewe, kwenye tovuti yake. Ukiambiwa uongo na ChatGPT kuhusu basi la Mbeya, mwenye basi hahusiki, na huna wa kumdai. Kwa hiyo ukiongea na roboti ya kampuni inayokuuzia tiketi, piga picha ya skrini kila jibu la bei na marejesho.

Kulipia? ChatGPT Plus, mojawapo ya matoleo ya kulipia, ni dola 20 kwa mwezi. Mtu anayesafiri mara moja moja, la bure linamtosha. Mwenye ofisi ndogo ya kupangia watu safari, anayeandika ratiba na barua kila siku, kwake inalipa. Alama zangu ni hizi: kupanga, 8 kwa 10. Bei na ratiba za Afrika Mashariki, 4. Kukata tiketi, 2.

Ile 4 inaweza kupanda, na wanaoweza kuipandisha ni wenye mabasi na wenye boti wa hapa hapa. Leo ratiba ziko kwenye ubao wa ofisini, kwenye status ya WhatsApp, au kichwani kwa wakala wa tiketi. Hakuna programu inayoweza kusoma huko. Kama unamiliki kampuni ya usafiri au unafanya kazi kwenye moja, weka kwenye tovuti yenu nauli ya raia, saa za kuondoka na mahali basi linapoanzia, kwa maandishi ya kawaida, picha ya bango peke yake haitoshi. Na juu yake andika tarehe mliyoiweka.