Laringoskopu ya video ya kuchaji, kwa upasuaji wa wajawazito

Kinachokipa thamani kifaa hiki cha kutazamia koo wakati wa kuingiza mrija wa kupumulia ni mpini mfupi. Mpini mrefu hugonga matiti kabla ulimi wa kifaa (bapa lake) haujaingia kinywani, na koo la mjamzito, lililovimba tayari, huvuja damu upesi likichokolewa.

Kioo cha video kinaonyesha vizuri, ila kuona si kuingiza. Ulimi uliopinda sana unadai waya ndani ya mrija, ukunjwe kwa mpindo uleule. La sivyo mrija unagota huku nyuzi za sauti unaziona kabisa. Andaa mrija namba 7 (milimita za kipenyo cha ndani), na 6 uwe karibu.

Lenzi hushika ukungu wa pumzi. Iwashe mapema ipate joto.

Betri haibadilishiki, na hapo ndipo tunapokipunguzia alama: ikifia Ukerewe, kifaa kizima kinapanda feri kwenda Mwanza. Laringoskopu ya kawaida isiondoke mezani.

Misingi iko palepale: mashuka yakunjwe chini ya mabega na kichwa hadi sikio liwe usawa wa juu ya kifua, apewe oksijeni dakika 3 kabla ya usingizi. Majaribio mawili yakishindikana, weka maski ya koromeo (hukaa juu ya njia ya hewa badala ya mrija) yenye tundu la kunyonya vilivyomo tumboni.