JaamSim kwenye ghala la korosho: uzoefu wangu hapa Mtwara

Nimeitumia JaamSim kupanga mapokezi ya korosho ghafi kwenye ghala kuu, tangu fuso inapofika getini hadi inapotoka tupu. Ni programu ya uigaji: unalijenga ghala lako ndani ya kompyuta kipande kwa kipande, unaipa kila kazi muda wake, kisha inaendesha msimu mzima kwa dakika chache. Ni ya bure, inatolewa chini ya leseni ya Apache 2.0, imeandikwa kwa Java, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Kwa mtu aliyeko wilayani Newala au Tandahimba, hilo la mwisho lina uzito wake. Naipendekeza kwa ghala linalopokea magari ishirini na zaidi kwa siku. Chini ya hapo, daftari na kikokotoo vinatosha.

Kazi kubwa haiko kwenye kompyuta, iko getini. Chukua karatasi, andika nyakati sita kwa kila gari: kufika, kupanda mizani, bambo (chuma cha kuchoma gunia) kuanza kuchukua sampuli, kupakua kuanza, kupakua kuisha, kupanda mizani mara ya pili. Fanya hivyo wiki nzima, na wiki hiyo iwe na siku za msongamano. Pengo kati ya wakati mmoja na unaofuata ndilo unalolihitaji. Jumla ya siku haikusaidii kitu. Kama huna vipimo vya kutosha, muulize msimamizi wa makuli namba tatu za kupakua fuso moja: muda mfupi kabisa, muda wa kawaida, muda mrefu kabisa. Hizo zinaingia moja kwa moja kwenye TriangularDistribution, kipande cha JaamSim kinachobahatisha muda kutokana na namba hizo tatu.

Namba ninazozitumia kama mfano hapa ni hizi. Fuso ya tani 10 hubeba magunia 125 ya kilo 80. Magari 40 kwa siku, yaani tani 400. Ghala linafanya kazi saa 10. Mizani moja: dakika 5 gari likiingia, dakika 4 likitoka. Genge moja la makuli hupakua fuso kwa dakika 45.

Kwa hesabu ya kawaida, kupakua magari 40 kunadai dakika 1,800, yaani saa 30 za genge. Magenge matatu kwa saa 10 yanatoa saa 30 hizohizo. Kwenye karatasi, matatu yanatosha. Ukiliendesha kwenye JaamSim, foleni inakua kila siku na haishuki, kwa sababu kila dakika genge linaposubiri gari hairudi tena, na jioni yanabaki magari yatakayolala getini. Magenge manne yanashughulika asilimia 75 ya muda na foleni inatulia. Hapo ndipo programu hii inapolipa: wastani hauoni mtawanyiko, yaani tofauti za muda kati ya gari na gari, na foleni huzaliwa na mtawanyiko.

Kabla ya kuamini chochote inachokuonyesha, ijaribu kwa kitu ambacho jibu lake unalijua. Weka EntityGenerator moja inayoleta gari kila dakika 15 kwa wastani, Queue moja, na Server moja inayohudumia kwa dakika 12, zote kwa ExponentialDistribution, inayobahatisha muda kuzunguka wastani huo. Nadharia ya foleni inasema gari litasubiri wastani wa dakika 48 na foleni itakuwa na magari 3.2. Iendeshe kwa muda mrefu, siku elfu moja hivi. Ukipata namba zilizo mbali na hizo, umekosea kuunganisha au umekosea kipimo. Andika kipimo kila mara: 12 min, siyo 12. Na majina ya vipande yasiwe na nafasi katikati: Mizani_Kuingia, siyo Mizani Kuingia.

Sasa kosa ambalo wengi watalifanya. Queue ya JaamSim haina ukuta. Inapokea magari bila kulalamika, wakati uwanja wako, tuseme, una nafasi sita tu. Picha itaonyesha ghala linalopumua vizuri huku barabarani kumefungana. Dawa yake ni kutengeneza ResourcePool (rasilimali yenye idadi maalumu) iitwayo Nafasi_Uwanja yenye uwezo wa 6, gari liishike kwa Seize na liiachie kwa Release baada ya kupima mara ya pili. Mizani nayo iwe ResourcePool yenye uwezo wa 1, itumiwe na wanaoingia na wanaotoka.

Mpangilio wa kushika ni jambo la kufa na kupona. Gari lishike nafasi ya uwanja kwanza, ndipo lishike mizani. Ukigeuza, utakuta gari lililojaa liko juu ya mizani likisubiri nafasi, na gari tupu lenye nafasi likisubiri mizani. Hakuna atakayesogea, na muigo mzima unaganda. Haya si matatizo ya kompyuta peke yake: ndiyo yanayotokea getini pale dereva anapoambiwa arudi nyuma huku kuna semi-treila mgongoni kwake. Wanaotoka wapewe kipaumbele cha juu. Kwenye Queue, namba ndogo ya Priority ndiyo inayotangulia.

Ukubwa wa uwanja unaweza kuukagua kwa kanuni ya Little, ile ya 1961: idadi ya magari ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Magari 4 kwa saa, kila moja likikaa saa moja na nusu, ni magari 6 uwanjani kwa wastani. Nafasi sita basi hazina pumzi hata kidogo. Usisahau pia fuso zilizokutwa na korosho zenye unyevu. Kwenye muigo wengi huzipeleka njia ya kutokea mara moja kwa Branch (kipande cha njia panda), lakini kiuhalisia gari lililokataliwa linabaki palepale likisubiri uamuzi wa kwenda kuanika, na nafasi bado limeishika. Liwekee muda wake wa kusubiri.

Jambo lililonifungua macho zaidi ni asubuhi. Magari ya vyama vya msingi vya ushirika huondoka vijijini kwa pamoja na kufika kwa pamoja. Tuseme nusu yake, 20, yanafika kati ya saa moja na saa tatu. Kuyapima yakiingia ni dakika 100. Katika saa hizo mbili magenge manne yanaweza kumaliza kumi hivi, na kuyapima yakitoka ni dakika 40. Jumla ni dakika 140, na mizani ina dakika 120 tu. Mizani ileile ambayo kwa siku nzima inafanya kazi asilimia 60 inazidiwa asubuhi, magenge yanakaa kivulini yakisubiri. Ukiongeza genge la tano hapo unalipa watu wa kusubiri.

Kwa hiyo jaribu kwanza lisilo na gharama: kila chama kipangiwe saa yake, magari 4 kwa saa. Mizani inatumia dakika 36 kati ya 60 na magenge yanabaki kwenye asilimia 75. Lakini usiandike ratiba safi isiyo na kuchelewa. Hakuna gari litakalofika kwa dakika kutoka kijijini. Ongeza dakika za kuwahi na kuchelewa kwa kila gari, halafu uone ratiba inavumilia kiasi gani kabla ya faida kupotea.

Mvua iweke kama DowntimeEntity (kipande cha kusimamisha kazi) iliyofungwa kwa magenge yote kwa pamoja, kwenye ImmediateBreakdownList, orodha ya vinavyosimamisha kazi papo hapo, maana gunia haliteremshwi kwenye mvua hata kama kazi imefika nusu. Ukiwapa kila genge mvua yake, utapata mchana ambao mvua inanyesha upande mmoja wa ghala tu.

Mapungufu ninayoyaona: maandishi yote ya kwenye skrini ni ya Kiingereza, kompyuta ya zamani inaweza kusumbuka na picha za 3D, na picha hizohizo zinawavutia wakubwa kuliko namba. Usimwonyeshe meneja wa ghala fuso zinazotembea kabla hujampa jedwali. Na usimpe matokeo ya kuendesha mara moja. Weka NumberOfReplications, yaani idadi ya marudio, angalau 30, na umwonyeshe siku mbaya pamoja na wastani. Anayepanga makuli anaumizwa na siku mbaya.

Faili la .cfg, ambamo muigo wako umehifadhiwa, ni maandishi matupu. Linafunguka kwa Notepad na linatumwa kwa WhatsApp bila shida. Juu kabisa, kwenye mstari unaoanza na alama ya #, andika tarehe ya vipimo na nani alipima getini. Msimu ukianza Oktoba, pima upya muda wa kupakua kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu genge la mwaka huu si la mwaka jana.