Kwenda Chalbi: Msimu Upi Ununue, Upi Uuache

Mtu anayepanga safari ya Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, huanza kwa kuuliza mwezi usio na joto. Hakuna mwezi huo. Lodwar, ng'ambo ya pili ya Ziwa Turkana, wastani wa joto la mchana ni nyuzi 33 au 34 mwezi Julai, na hupanda hadi 36 au 37 Februari na Machi. Nyuzi tatu si za kumfanya mtu ahamishe likizo yake. Kinachobadilika mwaka mzima ni ardhi yenyewe, na ukikosea mwezi, litakalokukwamisha ni tope.

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Mvua inayonyesha juu ya Mlima Marsabit, Mlima Kulal na Vilima vya Huri huteremka kwa laga, yaani mikondo ya mito ya msimu, hadi bondeni, na bonde hilo halina mlango wa kutokea. Maji hukaa pale mpaka jua liyanywe. Uso hukauka kwanza, chumvi ikaganda nyeupe na kupendeza, huku chini tope likiwa bado laini kama uji. Landkruza iliyojaa watu, maji na mafuta ina uzito wa tani tatu. Ikivunja ganda hilo inakaa kwa mhimili, na kila dereva akikanyaga mafuta ndivyo inavyozidi kuchimba kaburi lake. Tena mvua si lazima inyeshe Chalbi. Unaweza kuwa Kalacha, kijiji cha ukingoni mwa Chalbi, chini ya anga safi, kumbe usiku wa jana ilinyesha mlimani na laga iliyo mbele yako inashusha maji.

Hesabu zilizomo humu ni za mzunguko wa kawaida: Nairobi, Isiolo na Marsabit kwa lami, kisha Maikona, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, halafu kurudi kwa njia ya South Horr hadi Laisamis, unapoikuta lami tena. Weka siku 7. Siku 5 ni mbio tupu, na wikendi ndefu ya Mashujaa au Madaraka haitoshi hata kidogo, maana Nairobi hadi Marsabit peke yake ni zaidi ya kilomita 500.

1. Katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba

Kama ni mara yako ya kwanza, nunua msimu huu na usisumbuke kutafuta mwingine. Masika huwa yameisha, ardhi imepata wiki kadhaa za kukauka, na joto liko chini kadiri linavyoweza kuwa kule. Mifugo nayo hurudi. Mvua ikinyesha, Wagabra na Warendille hutawanyika na ngamia wao kufuata malisho. Kiangazi kikikaza, mifugo hulazimika kurejea kwenye chemchemi na visima. Kwa hiyo anayetaka kuona ngamia kwa mamia wakinywa maji Kalacha au Maikona asiende wakati nyasi ni mbichi. Kadiri Agosti inavyoelekea Septemba ndivyo makundi yanavyokuwa makubwa.

Usiku ni faida nyingine. Miezi hii kitovu cha Njia ya Maziwa kipo juu mapema jioni, na Chalbi haina taa za mji. Tafuta kwanza tarehe ya mwezi mwandamo, kisha upange safari siku nne kabla na nne baada yake. Anayependa kutembea juu ya chumvi usiku bila tochi na afanye kinyume: aende mbalamwezi.

Ubaya wake ni bei. Agosti shule zimefungwa na watalii wa nje wamejaa Kenya nzima, kwa hiyo magari mazuri ya kukodi hushikwa mapema. Wiki mbili za mwisho za Juni na wiki tatu za kwanza za Septemba zina ardhi ileile kwa msongamano mdogo. Kama huna watoto wa shule, Agosti haina sababu ya kukuvuta.

Jiandae kwa upepo pia, ingawa huo haungoji msimu. Unatoka kusini-mashariki, unabanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, na unavuma karibu mwaka mzima. Ndiyo maana mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimikwa karibu na Loiyangalani. Huwa mkali usiku wa manane hadi asubuhi na kutulia kiasi alasiri, jambo linalowahadaa wageni: hema hupigwa saa kumi jioni pametulia, saa nane usiku linapeperuka. Elekeza mlango kaskazini-magharibi, egesha gari upande unaotoka upepo, na kwenye mchanga usitegemee vigingi vifupi vinavyouzwa pamoja na hema. Jaza mifuko mchanga, uifunge kwenye kamba, uifukie.

2. Januari hadi katikati ya Februari

Huu ni msimu mzuri kwa mwenye mfuko mdogo. Wiki ya kwanza ya Januari ikipita, Nairobi hurudi kazini na shule hufunguliwa, na wenye magari huanza kupokea simu kwa upole. Ndipo pa kupatana. Ardhi huwa imekauka, na ikiwa vuli zilinyesha vizuri, kingo za jangwa bado zina majani.

Inashuka hadi nafasi ya pili kwa sababu mbili. Joto limeanza kupanda kuelekea kilele chake, hivyo kutembea kwa miguu kunabaki kwa saa za kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Pili, kuna miaka vuli hukawia kuondoka. Ikiwa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitangaza El Niño katika utabiri wake wa Oktoba hadi Desemba, usiamini Januari kwa kuwa kalenda imesema ni kiangazi. Mwishoni mwa 1997 na mwishoni mwa 2023 mvua za vuli zilikuwa mafuriko, na bonde lisilo na mlango halikauki kwa juma moja. Mwaka wa namna hiyo, sogeza safari hadi Februari.

3. Mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni

Hapa unabahatisha, lakini kwa akili. Mvua za Aprili zikiwa za kawaida, kufikia mwisho wa Mei njia za pembeni zinapitika, maziwa ya ngamia yamejaa vibuyuni, vumbi halijaanza, na huenda ukakuta sehemu ya Chalbi bado ina maji ya kina cha kisigino yanayoakisi mbingu. Kwa mpiga picha, hicho ndicho kipindi cha mwaka. Tamasha la utamaduni la Loiyangalani, linalokutanisha Waturkana, Waelmolo, Warendille, Wasamburu, Wagabra na wengineo, mara nyingi limefanyika Mei au Juni. Tarehe yake huhama, kwa hiyo ithibitishe na Kaunti ya Marsabit kabla hujalipa chochote. Siku za tamasha vitanda vya Loiyangalani huisha, beba hema.

Masharti ya kununua kipindi hiki ni magari mawili, si moja, na dereva anayekubali kuzunguka ukingo badala ya kukata katikati. Mbu huwa wengi baada ya mvua, basi dawa ya kukinga malaria si ya hiari. Nge na nyoka nao hutembea. Viatu vikae ndani ya hema, na asubuhi vikung'utwe kabla ya mguu kuingia.

4. Katikati ya Februari hadi Machi, na Oktoba mwanzoni

Ardhi ni ngumu kama sakafu, ila jua ni kali na binadamu na mifugo wamechoka. Machi mwishoni anga huanza kubeba mawingu, na hakuna wa kukuambia mvua itaanza tarehe 20 au tarehe 5 Aprili. Oktoba ya mwanzo ni nafuu kuliko Machi. Mwaka wa ukame kama ile ya 2020 hadi 2022, usiende miezi hii ukitarajia kuteka maji ya kijiji. Kila tone unalotumia uwe umelibeba.

5. Aprili na Novemba

Acha. Pasaka huwaponza wengi, kwa kuwa mara nyingi huangukia Aprili na likizo ipo. Ukiwa na siku hizo tu na hamu ya kaskazini, nunua kitu kingine: fuata lami hadi Marsabit, utalivuka jangwa la Kaisut bila gurudumu kugusa tope, kisha ulale mjini na kuingia msituni kuliona Ziwa Paradise. Beba sweta. Marsabit ni mlima, na asubuhi zake zina ukungu na baridi ambayo mtu aliyejiandaa kwa jangwa haitegemei. Desemba ya mwanzo nayo ihesabu pamoja na Novemba, na ile ya mwisho iweke katika nafasi ya nne kwa bei ya nafasi ya kwanza.

Unachonunua hasa

Ukishachagua mwezi, unanunua gari, mafuta na maji. Gari liwe la kuvuta kwa magurudumu yote manne na gia ya chini, lenye tairi mbili za akiba. Kuna atakayekuapia kuwa Probox ilifika North Horr. Inawezekana ilifika, muulize ilirudije.

Kutoka Marsabit kuzunguka hadi Laisamis, pamoja na kutangatanga, ni kama kilomita 600. Landkruza ya dizeli inayokula lita moja kwa kilomita 7 au 8 kwenye lami itashuka hadi kilomita 5 kwenye mchanga na mawe. Hiyo ni lita 120. Ongeza robo ya akiba, zinakuwa 150. Tangi la lita 90 na madumu matatu ya lita 20 yanatosha. Yawe ya chuma, si ya plastiki ya mafuta ya kupikia, maana hayo huvimba juani na kuvuja mahali ambapo nguo zenu zimewekwa. Dizeli ya vijijini hupatikana, kwa chupa na kwa bei ya mwenye nayo. Ihesabu kuwa msaada, usiiweke kwenye mpango.

Maji: lita 5 za kunywa na 3 za kupika na kunawa kwa kila mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku nne ni lita 128, weka 20 za akiba. Ukienda Februari au Machi, pandisha za kunywa hadi 7. Maji ya visima vya huko yana chumvichumvi na tumbo geni huweza kuyakataa.

Presha ya matairi ndiyo inayotofautisha dereva na mwendeshaji. Lami, psi 36 hadi 40. Mchanga na chumvi, shusha hadi 18 au 20 na usipite mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kosa la kawaida ni kubaki na 18 baada ya North Horr, ambako njia ya kwenda Loiyangalani huingia kwenye mawe meusi ya volkano: tairi likiwa laini, ubavu wake hujitokeza na kuchanwa, na tundu la ubavuni haliwekewi kiraka. Kabla ya mawe, pandisha hadi 28 au 30. Kwa hiyo kompresa ni lazima. Ongeza koleo mbili, vibao vya kujinasulia, kamba ya kuvutia na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki itazama na gari libaki lilipo.

Kabla ya kukanyaga chumvi, dereva ashuke, atembee hatua hamsini na kugonga kwa kisigino. Kisigino kikilia kavu, twende. Kikiingia na kuacha unyevu, geuza. Fuata alama za magari mapya, epuka mabaka yenye rangi iliyokolea. Kwenye laga inayoshusha maji, sheria ni fupi: usipoweza kuvuka kwa miguu, usivuke kwa gari. Ngoja. Mara nyingi ni saa chache, maji hupungua.

Kabla ya kulipa amana

Muulize mwenye gari maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye mkataba: Je, mafuta yamo kwenye bei? Bima inafanya kazi nje ya lami? Gari likiharibika Kalacha, nani analipia la kulifuata? Na mvua ikinyesha, tarehe inasogezwa bila faini? Hili la mwisho ndilo lenye pesa nyingi. Mwenye gari anayekataa kabisa kusogeza tarehe ya Mei anakuuzia hasara yake. Amana ya asilimia 30 inatosha. Ukidaiwa zote kwa safari ya miezi mitatu ijayo, tafuta mwingine.

Hali ya usalama pia ina msimu wake, kwa kuwa ugomvi wa malisho hupanda kiangazi kikirefuka. Ulizia kituo cha polisi Isiolo na tena Marsabit, hasa kuhusu njia ya Baragoi kama unakusudia kurudi kwa Maralal.

Mwisho, ajiri kiongozi wa Kalacha au North Horr kwa siku mbili za Chalbi, na umpigie simu usiku mmoja kabla hujatoka Marsabit, maana ukishauacha mji mtandao hukatika njiani. Usimuulize kama mvua imenyesha. Muulize lori la mwisho lilipita upande gani, na lilipita lini.