Hei ya Ng'ombe wa Maziwa Tanga: Ununue Ipi, Wakati Gani

Februari ikifika, dalali wa majani hapokei simu mara ya kwanza. Majani ya kando ya barabara yamekauka, kila mwenye ng'ombe kuanzia Pongwe mpaka Muheza anatafuta, na robota la hei, yaani fungu la majani yaliyokatwa, kukaushwa na kushindiliwa, ambalo Juni ulibembelezwa ulichukue sasa halina mjadala wa bei. Agosti na Septemba hali huwa hivyo hivyo, ingawa vijimvua vya kipupwe hutuokoa kidogo sisi wa pwani. Ukame ukibana bara, malori hugeukia huko. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 Simanjiro, mkoani Manyara, walipoteza mifugo kwa maelfu, na mwaka wa namna hiyo mwenye hei hana haja ya kutafuta mteja wa karibu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza hei ipi, uliza lini. Nunua shambani, siku ya kufunga, majani ya masika yanapokatwa Juni na Julai, au ya vuli yanapokatwa Januari. Mimi nikipewa kuchagua, nachukua ya Januari. Jua la kiangazi hukausha majani kwa siku mbili tatu, wakati ya Juni hunyeshewa yakiwa yamelazwa chini na kupoteza rangi na utamu. Ila ya Januari hutegemea vuli imenyesha vipi, na vuli haiaminiki.

Jambo la pili ni mizani. Hei huuzwa kwa robota, na robota si kipimo. Lililofungwa kwa mashine na lililoshindiliwa kwenye sanduku la mbao yanaweza kupishana kilo sita au zaidi. Tuseme mmoja anauza 5,000 na robota lake lina kilo 18, mwingine anauza 4,000 kwa kilo 12. Wa kwanza anakuuzia kilo kwa shilingi 278 hivi, wa pili 333. Wa "bei nafuu" ndiye ghali. Beba mizani ya kuning'iniza, pima marobota matano usiyochaguliwa na muuzaji, chukua wastani. Kisha ongeza usafiri, maana hei hujaza gari kabla haijalielemea. Kirikuu ikikudai 60,000 ikabeba marobota 60, kila robota limepanda elfu moja, na robota lililolegea limekula nafasi ya kilo ambazo hukuzipata.

Sasa mpangilio wangu, kwa mwenye ng'ombe wachache wa ndani wanaokamuliwa.

Ya kwanza ni hei ya Rhodes, nyasi ya malisho inayopandwa, iliyokatwa mapema, inapoanza tu kutoa maua. Hapo protini yake huwa asilimia 8 mpaka 10, na shina bado ni laini. Ikiachwa ikomae na kumwaga mbegu, hushuka sana, na unachonunua ni vijiti. Mwenye kutaka kupanda mwenyewe aende TALIRI Buhuri, kituo cha serikali cha utafiti wa mifugo hapa Tanga, akaulize mbegu na ushauri. Wa Bagamoyo wana bahati ya kuwa jirani na shamba la serikali la malisho la Vikuge, Kibaha, ambalo limezoeleka kwa hei na mbegu.

Ya pili ni hei ya nyasi za asili, inayotoka upande wa Handeni na kwingineko kwenye mbuga. Huwa rahisi zaidi, na ikikatwa bado mbichi inaweza kuipita Rhodes iliyozeeka. Tatizo ni kwamba wengi hukata baada ya nyasi kujikaukia zenyewe zikiwa zimesimama. Hiyo ni njano, haina majani, na mara nyingi ina miiba na magugu ambayo mbegu zake zitaota kwenye bustani yako kupitia samadi.

Ya tatu, mabua ya mahindi, lakini yaliyokatwakatwa. Mabua mazima ng'ombe huchagua majani na kukuachia gogo, nawe umelilipia. Yakague ukungu, hasa kama yalilala shambani mvua ikinyesha.

Ya nne ni majani ya mpunga, ya Mombo kwa sisi wa Tanga na ya bonde la Ruvu kwa Bagamoyo. Protini ni asilimia 4 hivi, na chini ya 7 tumbo la ng'ombe halisagi sawasawa, kwa hiyo atashiba na maziwa yatakatika. Yanunue kama nyongeza, umpe pamoja na mashudu ya alizeti au majani makavu ya lusina, ule mti wa malisho. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula, ina sumu yake ikizidi. Kuna wanaoyafukia majani ya mpunga na maji ya urea kwa wiki tatu, na inafanya kazi, ila pata mtaalamu wa mifugo akuelekeze vipimo mara ya kwanza. Urea ikikosewa huua ng'ombe siku hiyo hiyo.

Mabingobingo, yaani majani ya tembo, sikuyapanga kwa sababu si hei, ingawa ndiyo yanayouzwa zaidi mitaani. Kwa mwenye kuyakata jirani ni chakula kizuri sana. Kuyasafirisha ndiko kunakonishangaza: yakiwa machanga karibu asilimia 80 ni maji, hivyo mzigo wa kilo 50 unaoletwa na guta una kilo 10 tu za chakula kikavu. Makapi ya mkonge nayo yafaa kwa aliye mlangoni mwa kiwanda, hayatunziki.

Kiasi gani? Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kama anapata pumba na mashudu na majani mabichi kidogo, mhesabie kilo 8 za hei. Siku 90 ni kilo 720. Weka 800 kwa ajili ya upotevu. Kwa marobota ya kilo 15 ni kama 53 kwa ng'ombe mmoja.

Ukifika shambani, usiangalie robota la juu. Omba robota moja kutoka katikati ya rundo likatwe kamba, tia mkono mpaka moyoni. Ukihisi joto au unyevu, liache, maana litaota ukungu, na rundo la namna hiyo linaweza hata kujiwasha moto. Nusa: hei nzuri hunukia kama chai kavu. Ikung'ute, vumbi jeupe likitoka ni ukungu. Kisha sokota konzi moja. Majani yakidondoka yote na kubaki mashina, yamekauka kupita kiasi au yamezeeka. Tazama na kamba: ya mkonge haina shida, lakini ya nailoni ivue yote na kuihesabu, kwani kipande kikimezwa hubaki tumboni.

Nyumbani, unyevu wa pwani ndio adui. Panga juu ya mabanzi, usigusishe ukuta, acha njia ya upepo kati ya safu, na usifunike turubai likagusa hei. Jasho lake hurudi chini.

Kwa wanaolima: kata umande ukishakauka, geuza majani mchana, na usiyaache yakomae ili tu upate uzito zaidi. Andika kilo kwenye daftari la mteja, siyo idadi tu, na pokea malipo ya awali Mei kabla ya kukata. Wafugaji wanaopeleka maziwa kwenye vituo vya ushirika wana fedha ya kila mwezi, na wengi watakubali kulipa nusu mapema wakihakikishiwa kwamba Februari hawatapiga simu isiyopokelewa.