Saa ya kujiunganishia mwenyewe: seti nzuri, waya wake takataka

Hii seti ya saa ya namba za LED nyekundu nimeichukua Kampala mjini, kwenye duka moja la vipuri vya elektroniki, shilingi elfu thelathini na tano, na naipenda kweli, ila kuna kitu lazima mkijue kabla hamjatoa sente zenu: saa inapata volti kidogo kuliko inavyohitaji, na kosa sio lenu wala sio la umeme wa nyumbani kwenu.

Ndani ya pakiti kuna bodi iliyoandikwa vizuri kila kipuri kinakaa wapi, rezista, kapasita, kristali ya megahezi 12, kispika kidogo cha kulia kila saa, dijiti nne, chipu ya AT89C2051 ambayo ndiyo ubongo wa saa na soketi yake, na waya wa USB wenye kichwa cha duara upande wa pili. Kuunganisha ni raha tupu. Maelekezo ni ya Kichina ila michoro inatosha, mtoto wa sekondari anayejua kushika solda anamaliza bila shida, bora tu asigeuze ile kapasita kubwa.

Sasa iwashe. Ikisoma 11:11 inang'aa safi, ikifika 20:08 namba zinafifia mpaka unakodoa macho, halafu kila saa kamili inapotakiwa kulia inatoa mlio mmoja tu, inakata, inarudi 12:00 kama yaka, ule umeme wa kulipia kabla, ukiishiwa. Ukiipeleka kwa mafundi wengi wa mjini jibu ni moja, IC (yaani chipu) imekufa ndugu yangu, leta hela tubadilishe. Banange, chipu haina kosa lolote!

Hesabu vijiti vya mwanga vinavyounda kila namba. Namba 1 inatumia vijiti viwili tu, 8 inatumia saba, 0 inatumia sita. Kwa hiyo 11:11 ni vijiti 8 jumla, na 08:08 ni 26, zaidi ya mara tatu. Vijiti vikiongezeka mkondo unaongezeka, na mkondo ukiongezeka kila mahali penye ukinzani panakula volti zaidi. Kispika kikilia juu ya hapo ndio basi. Saa mbili kamili asubuhi ndio mbaya kuliko zote, maana 08:00 ni vijiti 25 na mlio wakati huohuo. Saa inayozingua kwa kufuata namba zilizoandikwa usoni, anza kushuku volti, chipu achana nayo kwanza.

Kupima nako kuna namna. Ukiweka mita ya kupimia volti kwenye chaja peke yake, haijabeba kitu, itakuonyesha 5.1 na utaondoka umeridhika bure. Acha saa iwake, subiri namba zenye vijiti vingi, weka probu nyekundu mguu wa 20 wa chipu na nyeusi mguu wa 10. Yangu ilisoma 3.9. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, kwenye tundu la umeme la bodi nikapata 4.6, kwenye chaja bado 5.1. Yaani nusu volti imeliwa na waya, na 0.7 imeliwa na daiodi ya 1N4007, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyokaa pale umeme unapoingia ili mtu akigeuza chanya na hasi asiunguze kitu. Wazo la daiodi ni zuri, daiodi yenyewe ndio wamechagua ya bei rahisi.

Mtu atasema AT89C2051 inafanya kazi hata volti zikishuka mpaka 2.7, sasa 3.9 ina ubaya gani? Ubaya ni kwamba mita ya kawaida inasoma wastani, ile sekunde kidogo kispika kinapovuta mkondo, volti zinadumbukia na kurudi kabla mita haijaona, ila chipu inaona na inaanza upya. Na kwa kuwa seti hii haina kibetri cha akiba, kila ikianza upya inasahau saa.

Dawa yake ni rahisi kuliko maelezo. Ule waya waliokupa tupa, ukiukata ndani utaona nyuzi nyembamba za kuhesabika, tafuta waya mfupi mnene. Daiodi ing'oe uweke ya 1N5819, hiyo inakula kama 0.3 tu, na ukiiweka mstari wake uelekee upande uleule wa ile ya zamani. Gusa tena kwa solda miguu ya tundu la umeme, maana ya kwangu upande wa hasi ilikuwa imeshika nusu nusu. Baada ya hapo mguu wa 20 unasoma 4.7, inalia vizuri na 20:08 inang'aa sawa na 11:11.

Ila kuna ushauri mmoja nilipewa palepale dukani, eti weka 7805, kile kipuri cha kushusha volti hadi 5, katikati ya chaja na saa ili "inyooshe" umeme. Msifanye hivyo! 7805 inataka kama volti 7 kuingia ndio itoe 5, ukiipa 5 itatoa tatu na kitu, umezidisha ugonjwa. Hiyo ifungeni tu kama mnatumia betri ya sola ya volti 12, na hapo ni lazima, kwa sababu chipu hii mwisho wake ni volti 6, ukiiunganisha na betri moja kwa moja imekwenda. Itapata joto kidogo, ifungieni kipande cha bati cha kupoozea.

Nyota nne kwa bodi, moja kwa waya. Kwa anayejifunza elektroniki bado ningemwambia nunua, ila mwambie muuzaji akutolee na 1N5819 palepale, ni kipuri cha bei ndogo sana na wengi wanayo. Saa za namba za bluu ziogopeni kidogo, LED ya bluu inataka kama volti 3 wakati nyekundu inatosheka na 2 hivi, kwa hiyo kwa waya uleule itafifia mapema zaidi.