Shule ya kata ya binti yangu, na namna nilivyojifunza kuyasoma matokeo yake

Binti yangu aliingia kidato cha kwanza Januari 2020 katika shule ya kata hapa Temeke, akamaliza Novemba 2023. Mdogo wake naye sasa yuko pale pale. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye ameona jina la mwanawe kwenye orodha ya waliochaguliwa, akafungua matokeo ya kidato cha nne ya shule hiyo kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, akakuta ziro za waliofeli zimejaa, akashika kichwa. Mimi nilishika kichwa hivyo hivyo. Usiku ule nilipiga hesabu ya kukopa kwenye kikoba nimpeleke shule ya binafsi, na kesho yake nikaenda kuomba fomu. Ada ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Juu ya ukurasa wa matokeo kuna jedwali dogo: divisheni ya kwanza mpaka ya nne, halafu ziro, wasichana mstari wao, wavulana mstari wao, chini jumla. Wazazi wengi tunaishia hapo. Lakini ukitaka kuijua shule, lazima kwanza ujue pointi zinavyokwenda. Huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. Tazama hiyo ya nne ilivyo pana. Mtoto wa pointi 26 amekosa daraja la tatu kwa pointi moja. Wa 33 ana D mbili tu, au C moja, mengine yote F. Wote wawili wameandikwa IV. Shule yenye watu wa 26 na 27 wengi ina walimu wanaofundisha, na ile yenye 32 na 33 tupu ni habari nyingine kabisa, ingawa majedwali yao ya juu yanaweza kufanana. Kwa hiyo nilishuka chini kwenye orodha ya namba za watahiniwa, nikasoma safu ya pointi mtoto mmoja mmoja. Ilinichukua saa nzima, na ndiyo saa iliyonituliza.

Jambo la pili ni nani wanaingia pale. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wenye alama za juu kabisa huchukuliwa na shule za vipaji maalum, akina Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na Tabora. Wengine huenda ufundi na bweni. Wenye uwezo wa fedha huwapeleka watoto wao binafsi, ambako kuna mtihani wa kuingia, na shule nyingine zina wastani ambao usipoufikia unafungashiwa virago. Waliofaulu waliobaki wote hupokewa na shule ya kata. Haina usaili wala haichagui mtu. Ndivyo zilivyokusudiwa tangu mpango wa MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wa mwaka 2004, kata zikahimizwa kujenga, wananchi wakachangia fedha na kubeba mchanga na mawe. Ada ilikuwa 20,000 kwa mwaka kwa kutwa, nayo ikafutwa Januari 2016, na madarasa yakafurika. Kuilinganisha shule kama hiyo na shule iliyochuja watoto mara tatu kabla hawajakalia dawati, kisha kusema walimu wake ni wabovu, ni dhuluma. Mwaka 2023 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora, na mimi niliona wamefanya haki.

Darasani kwa binti yangu niliwajua watoto wengi, maana walikuja kwangu kusoma Jumamosi. Mmoja aliishi na bibi yake anayeuza maandazi, akaamka saa kumi kumsaidia kukanda unga. Mwingine aliletwa mjini na shangazi yake asome, akageuka kuwa msichana wa kazi wa nyumba ile. Kijana mmoja alibeba mizigo sokoni ili anunue madaftari. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200, na kwa sababu hiyo makonda asubuhi waliwasukuma watoto wapande watu wazima kwanza; wengi walifika kipindi cha kwanza kimeshapita, kisha wakachapwa kwa kuchelewa. Hilo la viboko lilinichoma sana, na nililisema kwenye kikao.

Karibu wote walikuwa wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili. Waliingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia, historia, yote Kiingereza. Binti yangu alikuwa anashika nafasi tatu za juu darasa la saba. Muhula wa kwanza alikuwa anakariri sentensi asizozielewa na kuzitapika kwenye karatasi. Tarehe 17 Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na wao wakarudi mwisho wa Juni. Miezi mitatu na zaidi, kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anaanza kuzoea lugha. Wenye simu janja nyumbani walisoma kidogo. Wengine waliingia kwenye biashara ndogondogo, na wapo ambao hawakurudi tena.

Hawa ambao hawakurudi, jedwali haliwaoni kabisa. Lina waliosajiliwa, wasiofika na waliofanya mtihani, lakini linaanza kuhesabu kidato cha nne. Nilimwomba mwalimu wa taaluma anionyeshe daftari la mahudhurio la mwaka 2020, na namshukuru kwa kukubali. Walianza mikondo sita. Kidato cha nne ilikuwa minne. Wapo waliohama na waliorudia kidato cha pili, hilo naelewa. Lakini tulipopitisha kidole kwenye majina, palikuwa na wasichana kadhaa ambao mbele ya jina kuna neno moja: mtoro. Mwalimu mwenyewe alisema wawili kati yao alijua ni ujauzito. Waraka wa kuwaruhusu kurudi ulitoka Novemba 2021, na mmoja wa wale wawili alirudi, akakaa na wadogo zake kidato cha pili, mtoto akiwa kwa mama yake. Ninamheshimu yule binti kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nchini siku hizi wasichana wanaofanya mtihani wa kidato cha nne ni wengi kuliko wavulana, na hilo ni la kufurahia, lakini kwenye shule yetu safu ya ziro upande wa wasichana ilikuwa ndefu zaidi. Ukimtazama anayebaki nyumbani kupika wakati kaka yake yuko twisheni, utaona ilikotoka.

Sasa lawama yangu kwa shule yenyewe, maana si kila kitu ni umaskini. Chini kabisa ya ukurasa wa matokeo kuna jedwali la masomo, kila somo na GPA yake, yaani wastani wa ufaulu. Kiswahili, historia na uraia vilikuwa vizuri. Hisabati ilikuwa mbaya, na hisabati inawaangusha watoto nchi nzima. Fizikia ndiyo iliyonishtua: ilikuwa imeanguka mwaka ule wa 2023 kuliko miaka iliyotangulia. Nilipouliza, ikajulikana kwamba kuanzia kidato cha tatu mwalimu wa fizikia alikuwa amehamishwa, wakabaki na kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango yetu, michango ikichelewa haji. Mwaka mzima tuliitwa kwenye vikao vya uji na makande na sare, hakuna aliyetuambia watoto hawana fizikia. Tungejua mapema tungechanga vizuri. Kambi ya miezi miwili kabla ya mtihani haiwezi kufidia miaka miwili.

Na bado kuna walimu pale niliowaona na macho yangu. Wa Kiingereza alibaki mpaka saa kumi na moja jioni na darasa lililojaa pomoni, bila posho. Alianzisha zoezi la kila mtoto kusimama dakika mbili kueleza jana alifanya nini. Kuanzia hapo binti yangu alifunguka.

Alipata divisheni ya pili, pointi 20. Hisabati F, fizikia hakuifanya. Alipangiwa bweni mkoa mwingine, kidato cha tano mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na simu zake za nyumbani zikawa za kuniuliza habari za wenzake.

Mdogo wake alipochaguliwa shule ile ile, Januari 2025, sikuomba fomu popote. Nilikwenda naye siku ya kuripoti, na kabla ya kutoa picha za pasipoti nilimuuliza mkuu wa shule kama mwalimu wa fizikia yupo. Akaniambia amekuja mmoja wa ajira mpya. Nikaomba nimwone, nikamkuta maabara anapanga viti.