Ununue Nini Ukitaka Kujifunza RAID: Kuanzia Kinachofaa Hadi cha Kuepuka

RAID ni mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, mara nyingi ili diski moja ikifa data ibaki. Kabla hujatoa hela, jaribu bure. Kwenye kompyuta yenye Linux, tengeneza mafaili matatu ya gigabaiti moja moja, yageuze kuwa diski za kuigiza kwa amri ya losetup, kisha yaunganishe kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID. Liharibu moja kusudi, liondoe, ingiza jingine, halafu tazama faili la hali ya RAID, /proc/mdstat, likihesabu asilimia ya kujengwa upya mpaka ikamilike. Ukishaifanya kazi hiyo mara tatu nne, muuzaji hatakubabaisha.

Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: siku kifaa kikifa, data utaipataje? Kasi nimeiweka kando.

1. Kompyuta ya mezani iliyotumika, Linux na diski mbili

Ndiyo chaguo langu kwa anayeanza. Fanya RAID 1: kila kinachoandikwa kinaingia kwenye diski zote mbili, hivyo diski mbili za TB 4 zinakupa TB 4, si 8. Ubao mama ukiungua, unazihamishia diski kwenye kompyuta nyingine yenye Linux na mdadm inazitambua, kwa kuwa maelezo ya mpangilio yameandikwa ndani ya diski zenyewe. Utalalamikia kelele, umeme, na amri za kuandika kwa mkono. Hizo amri ndizo shule yenyewe.

2. Mashine hiyohiyo, ila kwa ZFS

ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili uliozaliwa kampuni ya Sun Microsystems, huweka hesabu ya uhakiki kwa kila kipande cha data. Nakala mbili zikitofautiana, inajua ipi imeoza na kuirekebisha. Mdadm ya kawaida inaona tofauti lakini haijui ya kuamini. Mbona basi ni ya pili? Kwa sababu inataka upange mapema. Kwa miaka mingi hukuweza kuongeza diski moja kwenye kundi la RAID-Z, yaani RAID ya ZFS yenyewe. Uwezo huo umekuja na OpenZFS 2.3, mwaka 2025. Asiyependa amri atumie TrueNAS, mfumo endeshi wenye ZFS ndani, anaouendesha kupitia kivinjari.

3. Kisanduku cha NAS kilicho tayari

NAS ni kifaa cha kuhifadhi mafaili kinachofikiwa kupitia mtandao; wauzaji ni Synology, QNAP na wenzao. Unachomeka diski, unabofya, umemaliza, na umejifunza kidogo sana. Ukichukua, chukua chenye nafasi nne. Cha nafasi mbili hakikupeleki mbali zaidi ya RAID 1. Soma kwanza orodha ya diski ambazo mtengenezaji anazikubali.

4. Kadi ya RAID

Hii ni kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta, inayofanya kazi ya RAID yenyewe. Kwenye seva ya kazini, yenye betri ya kulinda kache (kumbukumbu ya muda) umeme ukikatika, sawa. Nyumbani, kadi ikifa utaanza kusaka nyingine ya ukoo uleule.

5. RAID ya ubao mama

Achana nayo. Kazi bado inafanywa na prosesa, na diski zako mara nyingi zimefungwa kwa mtengenezaji mmoja.

Sasa diski zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Uliza kama ni CMR au SMR, njia mbili za kupanga mistari ya data kwenye diski. Katika CMR mistari hailaliani. Katika SMR, mistari ya data inalaliana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha mstari mmoja kunalazimu kuandika upya na ya jirani. Kwa kutunza filamu, hakuna neno. Kwa kujenga RAID upya, ni mateso. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Baadaye kampuni ikaziweka za CMR chini ya jina la Red Plus.

Piga pia hesabu ya muda. Diski ya TB 8 inayoandika MB 200 kwa sekunde inahitaji saa 11 kujengwa upya, tena ikiwa haina kazi nyingine. Kwenye RAID 5, inayostahimili kifo cha diski moja tu, diski ya pili ikifa ndani ya saa hizo, kila kitu kimekwenda. Ndiyo maana kwa diski nne kubwa au zaidi napendelea RAID 6, inayostahimili vifo viwili.

Diski ya nje ya nakala rudufu inunue kabla ya haya yote. Niliwahi kufuta folda nzima ya picha kwenye RAID 1, na diski zote mbili zilitii papo hapo.

Nunua na karatasi za kubandika. Andika namba ya utambulisho ya kila diski upande unaoonekana ukifungua kasha. Mimi sikuandika, usiku mmoja, diski moja ikiwa imekufa, nikachomoa ile nzima.